Mgeni Aliyeomba Dirisha

Asubuhi ya siku ya Mtakatifu Nikola, Tihomir aliwasha sigara ya kwanza kabla kahawa haijachemka, kama kawaida yake, akaketi mahali pake mezani, mgongo kwenye joto la jiko. Mkewe, Milunka, alikuwa akikaanga samaki. Mwezi huo ni wa mfungo, na nyama hailiwi hata siku ya mtakatifu wa ukoo. Alimsogezea mumewe kisahani cha majivu kwa kiwiko, kwa sababu mikono ilikuwa na unga, kisha akaenda dirishani kulibonyeza blanketi.

Blanketi hilo lilikuwa limeviringishwa na kulazwa chini ya dirisha tangu majani yaanze kuanguka, na lingekaa hapo hadi Pasaka. Kila nyumba ya mji wetu ina la kwake. Sisi watu wa bonde la Morava tumepigana na majeshi ya kila namna, mengine tumeyasahau hata majina, lakini adui tunayemwogopa kwa dhati ni mmoja tu: upepo unaopita kati ya dirisha na mlango vikiwa wazi kwa pamoja. Tunauita promaja. Huo ndio unaokakamaza shingo, unaoingia masikioni, unaoharibu figo za wanawake na kuwatoa wanaume akili. Mzee wa miaka tisini na ushei akifa kitandani mwake, hakosi jirani wa kuuliza kama dirisha lilikuwa wazi.

Milunka aliuogopa kuliko sisi sote. Alikuwa mwanamke wa kujitunza. Sigara hakuwahi kuitia mdomoni, pombe aliionja kwa ajili ya mtakatifu tu, chumvi alitia kidogo, sokoni alikwenda kwa miguu. Kila mwezi wa sita, mti wa lipa ulioko kwenye ua wa kanisa unapochanua, alipanda kilima na mfuko wake, akachuma maua yake yenye harufu tamu, akayaanika juu ya kabati, na majira yote ya baridi akanywa chai yake. Tihomir yeye alitia chumvi kabla ya kuonja, alipaka mkate mafuta ya nguruwe upana wa kidole, na safari yake ndefu ilikuwa ya kwenda kwenye kibanda cha sigara na kurudi. Alikuwa mzima kama fahali, jambo lililowaudhi watu wengi waliojitunza.

Siku ya mtakatifu hatualiki mtu. Anayejua anakuja, anayekuja anakaa, na mwenyeji mwenye adabu hamwulizi mgeni anaondoka lini. Majirani wakaja, na wenzake Tihomir wa zamani wa karakana ya reli wakaja. Wakala, wakanywa, wakavuta. Ilipofika saa kumi alasiri, aliyeketi upande huu wa meza hakumwona vizuri aliyeketi upande ule, nasi tukajua kwamba sherehe imefana.

Watu walipoondoka, Milunka akaanza kukusanya sahani, akakuta mmoja bado yupo. Alikuwa ameketi kwenye pembe kati ya kabati na jiko, kofia yake gotini. Alikuwa wa moshi, rangi ya kijivu, kingo zake za manjano, na uso wake ulikuwa wa Tihomir yule wa picha ya harusi. Milunka aliona haya. Mgeni ameketi kutwa nzima nyumbani mwake na hakuna aliyemhudumia.

Akamletea sinia, kama desturi: kijiko cha jamu ya plamu na gilasi ya maji.

"Karibu, ndugu yangu. Utusamehe, watu walikuwa wengi."

"Usijali, mama. Mimi nimezoea."

Akala jamu, akaweka kijiko ndani ya gilasi kama inavyotakiwa. Maji yakageuka rangi ya chai nyepesi.

Tihomir alimtazama kwa muda. "Samahani, sijakutambua. Wewe ni mtu wa upande wa nani?"

"Wa kwako, mwenyeji. Mimi ni sigara zako zote. Za asubuhi, za baada ya chakula, za mpira redioni. Tangu mlipohamia hapa."

Tihomir akatikisa kichwa kukubali. Ilionekana kuwa kweli. Akammiminia kibilauri cha pombe ya plamu, wakagonganisha, na mgeni akaiacha yake bila kuigusa.

Jambo hili halikuwa geni katika jengo letu. Juu yao, kwa Radojka, mkoromo wa marehemu mumewe bado hulala chumbani, na ukizidi, Radojka huugeuza ubavu, unatulia.

Kesho yake asubuhi mgeni alisimama mbele ya meza, kofia mkononi.

"Nisingependa kuwasumbua zaidi. Nawaomba mnifungulie dirisha na mlango, niende zangu."

Milunka alikuwa akimimina kahawa. Akaacha. "Vyote viwili?"

"Vyote viwili, mama. Kwa pamoja. Sina miguu mimi, naenda na upepo. Dirisha peke yake halinisogezi."

"Ala!" Tihomir akasema. "Kwa pamoja! Mwezi wa kumi na mbili! Mtu mzima unakula jamu ya watu, halafu unataka kuwaua?"

"Sikuwa na nia hiyo."

"Basi kaa. Nani kakufukuza? Kaa hadi Pasaka, tutaona."

Milunka alipiga ishara ya msalaba na kumletea mto wa kuegemea. Mgeni akaketi.

Hakuwa mgeni mbaya, tuseme haki. Hakuwa na makelele, hakula sana, alipenda redio. Na alikumbuka mengi, maana yote yaliyosemwa na kutendwa katika jiko lile, yeye alikuwa juu ya taa akisikia.

"Mama," alimwambia Milunka, aliyekuwa akimenya viazi siku moja, "siku ile Gordana alipotembea mara ya kwanza, alianzia pale kwenye kikapu cha kuni, akaja hadi kwenye goti lako."

"Ulikuwepo?"

"Mwenyeji aliwasha mbili kwa furaha."

Milunka akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Tihomir alisema mtoto alianzia mlangoni, wakabishana juu ya hilo hadi viazi vikaiva.

Lakini alikuwa anakua. Kila Tihomir alipovuta, alinenepa kidogo. Siku ya Mtakatifu Nikola alikuwa wa kimo cha mtu. Theluji ilipozidi alikuwa amelifunika kabati, na Milunka akitaka sahani alilazimika kumwomba radhi na kupitisha mkono katikati ya fulana yake. Jiko ndicho chumba pekee chenye moto majira ya baridi. Humo walipikia, humo walikula, humo walilala. Hapakuwa na kwingine kwa yeyote kati yao watatu.

Milunka alikuwa na mazoea ya kulala kidogo kwenye kochi baada ya kuosha vyombo vya mchana. Siku moja aliamka kifua kizito, kana kwamba paka amemlalia, akamwona mgeni akitoka kinywani mwake taratibu, ameinamisha uso kwa aibu.

"Nisamehe, mama. Nililala kwako. Pembeni hapanitoshi tena."

"Kwa nini usilale kwa mwenye nyumba?"

"Kwa mwenyeji kumejaa. Wako wenzangu wa zamani, hata pa kusimama hapana. Kwako kuna nafasi, na ni pasafi."

Milunka akawaza kidogo. Mgeni ni mgeni, na mwenye kukaribisha hachagui mgeni alale wapi. "Basi futa miguu kabla ya kuingia," akasema.

"Sina miguu, mama."

"Basi."

Tangu siku hiyo akawa analala kwake, naye Milunka akaanza kukohoa.

Kwanza kilikuwa kikohozi cha asubuhi, cha kuombea radhi. Kisha kikawa cha kutwa. Tihomir alipokisikia alishikwa na hofu ya kweli. Alimpenda mkewe, na hilo lisibishwe na mtu. Alikwenda dukani mwenyewe, akapita kibanda cha sigara bila kusimama, akarudi na vipande vya sponji, akavibandika pande zote za dirisha. Akapigilia mfarishi kwenye mlango. Akamfunga Milunka sufi kiunoni, akamtia pamba masikioni, na kila aliposikia mahali panapovuma, hata kama ni redio tu, aliinuka na kupapasa ukuta kwa kiganja. Kisha aliketi kando yake kumwangalia. Na Tihomir akiwa na wasiwasi huvuta maradufu.

"Mwenyeji," mgeni alimwambia, "nadhani ni mimi."

"Wewe nini?"

"Kikohozi cha mama. Nadhani ni mimi."

"Wewe kunywa kahawa yako," Tihomir akasema. "Wewe umetoka kwangu, na mimi sijawahi kuugua. Ni upepo huu, umepata tundu mahali."

Gordana, binti yao, alikuja wakati wa Kwaresima. Alikuwa akifundisha shule huko Novi Sad, na huko watu wana mawazo yao. Alifungua mlango, akasukuma mfarishi, akabaki amesimama pale pale.

"Mama! Mbona umekwisha hivi? Baba, humu ndani mtu atapumua na nini?"

"Funga mlango kwanza," wakasema wote wawili.

Akafunga. Akamwona aliyejaa kuanzia kabatini hadi nusu ya meza. "Shikamoo," akasema, kwa kuwa alilelewa vizuri. "Na huyu?"

"Mgeni wa Mtakatifu Nikola," akasema Milunka.

"Wa Nikola? Mama, huu ni mwezi wa tatu!"

"Niliomba kuondoka, binti," mgeni akasema. "Zaidi ya mara moja."

Gordana hakusubiri zaidi. Akavua glavu, akaenda moja kwa moja dirishani, akaanza kulivuta blanketi. Ungedhani ameshika bunduki. Tihomir aliruka kutoka kitini, lakini Milunka alimtangulia; alimkamata binti yake mkono, akaushikilia kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua kwamba bado anayo.

"Mwanangu, unataka kunizika?"

"Mama, ni hewa tu!"

"Mamangu mzazi alikufa kwa hewa tu. Aliketi mlangoni akichambua maharage, nyuma yake dirisha wazi. Wiki haikuisha."

"Bibi alikuwa na kisukari, mama."

"Alikuwa nacho, na hakikumuua."

Gordana akaliachia blanketi. Akalia kidogo, kwa hasira, na mama yake akamlisha maharage ya kuoka mpaka akatulia. Kesho yake alimpeleka mama yake zahanati.

Daktari alikuwa Olivera, mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito. Aliweka kifaa cha kusikilizia mgongoni kwa Milunka, akasikia mtu akimsabahi. Akaitikia. Akamwambia Milunka avute pumzi, akamwambia aliyemo akae kimya kidogo, akasikiliza tena.

"Nyumbani nani anavuta?"

"Mume wangu. Lakini yeye ni mzima kabisa, daktari, usimhangaikie."

"Simhangaikii yeye, bibi. Huyu aliyeko kifuani mwako ni wa kwake. Mzee avutie nje. Na madirisha yafunguliwe, asubuhi na jioni, wazi kabisa."

"Na mlango?"

"Na mlango."

Milunka alimtazama yule daktari kwa huruma, kama mtu anavyomtazama msomi. Walipotoka, mlango wa chumba cha madaktari ulikuwa nusu wazi. Ndani, chini ya dirisha lililofungwa, aliketi mwingine wa moshi, mrefu kuliko yule wa kwao, amevaa koti jeupe, na wauguzi walimzunguka wakipita na vikombe vyao. Daktari Olivera aliingia, akampigapiga begani, akawasha sigara. Njia nzima Milunka alitabasamu.

Hata hivyo Tihomir alijaribu. Gordana alimwapisha kabla ya kupanda treni, naye kwa siku chache alivutia kwenye korido ya jengo, amevaa koti na kofia, akitukana chinichini. Radojka akipita na ndoo alimtania.

"Jirani, umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa na daktari. Nyumbani kwangu mwenyewe!"

"Angalia shingo hiyo. Hapa mlango wa chini haufungi."

Alisema kweli. Mlango wa chini haukufunga, na dirisha la korido lilikuwa na kioo kilichopasuka. Siku iliyofuata Tihomir aliamka shingo imekakamaa upande mmoja, hawezi kugeuka bila kugeuza kiwiliwili chote. Alimwonyesha Milunka. Alimwonyesha Radojka. Alituonyesha sisi sote, mmoja mmoja. Akarudi kuvutia jikoni, na Milunka mwenyewe ndiye aliyemsogezea kisahani.

Pasaka ikaja. Milunka alipaka mayai rangi kwa maganda ya vitunguu, ameketi. Blanketi halikuondolewa mwaka huo, kwa sababu ya kikohozi chake.

Mwezi wa sita lipa ikachanua. Kutoka kwenye dirisha la jikoni kwao unaiona yote, juu kilimani, nyuma ya paa la kanisa. Milunka alichukua mfuko wake, akaanza safari. Alifika kwenye kona, pale panapoanza ukuta wa mawe, akaketi. Akakaa. Akainuka, akaenda hatua chache, akarudi kukaa. Waliompita wanasema alikuwa akiutazama mti ule kama mtu anavyotazama basi linaloondoka. Kisha akateremka, mfuko mtupu.

Radojka alimwambia, "Mama Gordana, mimi nitakuchumia. Nitakuletea mifuko miwili."

"Asante, jirani. Sikutaka maua tu. Nilitaka nifike."

Jioni ile ndipo alipomwuliza mgeni. Tihomir alikuwa amesinzia kando ya redio.

"Mwaka huu sijasikia harufu ya lipa hata mara moja. Imekuwaje?"

"Ipo, mama. Inakuja mpaka kwenye kioo. Naiona kutoka hapa."

Milunka akageukia dirisha. Aliangalia blanketi, sponji, misumari ya mfarishi. Yote hayo yamewekwa kwa ajili yake, na kwa mikono ya mtu aliyempenda. Alimwogopa mgeni kidogo. Upepo aliuogopa sana. Lakini mti ule alikuwa ameuzoea tangu usichana, na alijua kwamba maua hayo hayangojei mtu.

Siku chache baadaye Tihomir alikwenda maziko ya mwenzake wa karakana, mtu aliyesemekana kuwa alisinzia ndani ya treni dirisha likiwa wazi. Milunka alivaa fulana mbili. Alijifunga sufi kiunoni, akatia pamba masikioni, akafunga kitambaa kichwani. Akapiga ishara ya msalaba. Kisha akang'oa mfarishi mlangoni, akaufungua mlango, akauegemeza kiti usijifunge. Akaliondoa blanketi. Sponji zilikatika kwa sauti kama nguo inayochanika, na dirisha likafunguka.

Pazia likanyanyuka lote mpaka dari.

"Asante, mama," mgeni akasema. Akavaa kofia yake.

Alitoka polepole, maana alikuwa mtu wa miaka mingi. Kwanza mabega, kisha za asubuhi, za baada ya chakula, za harusi na za misiba, za mpira, za siku Gordana alipotembea. Alipita juu ya ua wa jengo, na chini yake Radojka alikuwa akianua nguo.

"Nani anachoma nini huko juu?"

"Ni mgeni wetu, anaondoka!" Milunka akajibu.

"Haya, safari njema! Lakini mashuka yangu, jamani!"

Mwishoni kilibaki kipande kimoja, chembamba, kimenasa kwenye midomo ya Milunka. Upepo ulikivuta, kikanyooka, kikarudi.

"Hicho hakitoki," mgeni akasema kutoka nje.

"Kwa nini? Si nimefungua vyote viwili?"

"Umefungua, mama. Kimeshazoea kwako. Siku ile nilipoomba kingetoka."

Milunka akafikiri. "Siku ile kulikuwa na baridi," akasema.

"Kweli, kulikuwa na baridi."

Wakaagana. Milunka alivuta kiti, akakiweka katikati kabisa, kati ya dirisha na mlango, akaketi. Baada ya muda akatoa pamba masikioni. Kisha akafungua kitambaa. Harufu ya lipa iliingia, ikapita juu yake, ikatokea mlangoni na kuteremka ngazi, na nyingine ikaingia. Hakuna kilichokakamaa. Alikaa hivyo mchana wote, mikono mapajani, bila kufanya kazi yoyote. Radojka, aliyepanda kulalamika juu ya mashuka, anasema alimkuta anatabasamu, akaenda zake na mashuka yake.

Hapo ndipo Tihomir alipomkuta. Tulisikia kelele yake jengo zima.

"Nani kafungua? Nani kafungua?"

"Mimi."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

Tihomir alifunga dirisha, akafunga mlango, akaketi sakafuni mbele ya miguu ya mkewe na kulia kama mtu aliyekuta nyumba imeibiwa. Alimshika shingo, alimshika masikio, alimshika miguu, akitafuta mahali upepo ulipompata.

"Mume wangu," Milunka akasema, "lipa mwaka huu inanukia vizuri sana."

"Ndiyo, ndiyo," akasema Tihomir, akitafuta pamba chini ya meza.

Milunka alifariki plamu zilipoiva. Jamu ya mwaka huo aliisimamia kutoka kwenye kochi, akimwelekeza Radojka lini akoroge na lini aache, akisema maneno machache machache. Daktari Olivera alimweleza Tihomir kwa utaratibu kilichokuwa kifuani, kilivyoingia na kilivyokua, hata akamchorea. Tihomir alisikiliza mpaka mwisho. Alimheshimu daktari.

"Alikaa kwenye promaja, daktari," akasema. "Mchana kutwa."

Kaburini alimwambia kila mtu hivyo hivyo, machozi yakimtoka: sikuwepo, niliporudi vyote viwili vilikuwa wazi. Sote tulitikisa vichwa. Wanawake walishika figo zao. Mwezi wa sita, tukaambiana, ndio mbaya kuliko yote, maana mtu hujisahau.

Arobaini yake ilisomwa majani yalipokuwa yameanguka. Blanketi lilikuwa limerudi mahali pake. Tihomir alinunua sponji mpya. Tulikaa jikoni, tukala samaki, tukamtaja marehemu kwa mema, na mema yalikuwa mengi. Wanaume walivuta. Gordana alikuja na mumewe, tumbo lake la ujauzito likiwa limetangulia mbele, na baba yake akamketisha kwenye kochi alipokuwa akilala mama yake, akamfunga sufi ya mama yake kiunoni kwa mikono yake mwenyewe.

Ukutani kati ya kabati na jiko palikuwa pamebaki alama nyeupe, upana wa mtu. Mbele yake, chini kidogo, alikuwa ameketi mwingine. Alikuwa mwembamba bado, na uso haujamkaa. Gordana ndiye aliyemwona kwanza. Aliinuka kwa shida, akafungua chupa ya jamu, moja ya zile za mwisho za Milunka, akampelekea kijiko na gilasi ya maji.

"Karibu."

"Asante, binti. Nisingependa kuwasumbua. Kama mngenifungulia..."

"Wewe usianze," Tihomir akamwambia.

Mgeni akala jamu. Maji yakageuka rangi. Gordana akarudi kukaa, akajifunika vizuri, mkono tumboni. Akakohoa mara moja.

Sote tuligeuka kutazama dirisha.

"Baba," Gordana akasema, "hebu angalia lile blanketi."

Tihomir aliinuka, akalibonyeza kwa kiganja kutoka kona hadi kona, taratibu, kama alivyokuwa akifanya Milunka. Hapakuwa na tundu popote. Akamgeukia binti yake kumtoa wasiwasi, akaketi kando yake, na kwa kuwa alikuwa na wasiwasi, akawasha sigara.